Wakala wa Ndani: Maana ya Istilahi na Masharti Yake

Kampuni ambayo zamani ilimkabidhi mtu wa nje kazi ya kubuni matangazo yake, kuyatunga maneno yake na kuzichora picha zake, leo aghalabu huajiri waandishi, wasanifu na wapiga picha wake yenyewe, ikawapa chumba na mkuu wa kuwaongoza, ikawaambia kwamba kazi ile ya nje sasa ni yao. Kwa Kiingereza kundi la namna hii huitwa "in-house agency". Katika ofisi zetu wengine husema kitengo cha ubunifu, wengine timu ya masoko, na wengine, kwa kuifuata asili, husema wakala wa ndani. Mimi naliunga mkono jina hili la mwisho, nami nakusudia kueleza sababu, kwa kuwa limebeba masharti ambayo majina yale mengine hayakuyabeba, na mkuu wa kundi asiyeyajua masharti hayo ni taabu kwake kuwaongoza watu wake kwa insafu.

Wakala ni neno la Kiarabu, na lilifika pwani yetu na elimu ya sheria zamani sana kabla ya kuwapo biashara ya matangazo. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo yaliyoenea katika miji ya Waswahili, uwakala ni mkataba wenye nguzo nne: awepo mwenye kuwakilisha, yaani anayekabidhi jambo lake, awepo wakili, yaani anayekabidhiwa, liwepo jambo linalowakilishwa, na liwepo tamko la kukabidhiana. Wakili ni amini, na mali iliyo mkononi mwake ikipotea pasi na uzembe wake wala kuvuka mpaka aliowekewa, hatozwi dhamana. Walakini hana ruhusa ya kupita alichoagizwa. Na akipewa mali aiuze, hawezi kujiuzia nafsi yake. Neno hili limetembea mbali tangu hapo. Tuna wakala wa meli, wakala wa bima, na tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka uliofuata, hakuna mtaa usiokuwa na wakala wa fedha aliyeketi kibandani. Wote hao wana sifa moja, nayo ni kwamba wamesimama baina ya watu wawili, wakamtumikia mmoja bila ya kuwa yeye.

Hapo ndipo inapozuka shubuha ya wale wanaolikataa jina. Husema: wakala kwa dhati yake ni mtu wa nje, basi atakuwaje wa ndani? Nani amepata kuwa wakili wa nafsi yake? Hoja hii ina uzito, lakini lugha yetu imekwisha kuijibu. Tanzania ilitunga Sheria ya Wakala za Serikali mwaka 1997, na kwa sheria hiyo ikaundwa mwaka 2000 Wakala wa Barabara, yaani TANROADS, ambayo imo ndani ya wizara, hutumia fedha ya serikali na humjibu waziri, ilhali ina Mtendaji Mkuu wake, mipaka ya kazi yake na hesabu zake. Watu hawakuona ajabu. Walifahamu kwamba mtu aweza kuwa ndani ya nyumba na bado akawa na kazi iliyokabidhiwa kwa tamko, ambayo wengine wa nyumba hiyo hawawezi kuiingilia kila wapendapo.

Huko lilikozaliwa jina la Kiingereza, habari yake ilikuwa ya fedha zaidi kuliko ya sanaa. Katika miaka ya 1840 Volney Palmer wa Philadelphia alikuwa akiwauzia wafanyabiashara nafasi katika magazeti, na ujira wake aliupata kwa wenye magazeti, hata twaweza kusema kwamba wakala wa kwanza wa matangazo huko Marekani alikuwa wakala wa gazeti kabla hajawa wakala wa mteja. Baadaye ujira huo ulitulia kwenye asilimia 15: nafasi ya dola 100 wakala aliilipia dola 85, naye akamtoza mteja dola 100 kamili. Mfanyabiashara mwenye akili ya hesabu aliona mara moja kwamba akimweka wakala ndani ya nyumba yake, zile dola 15 zitabaki kwake. Wenye magazeti na mawakala walishikamana kuizuia hila hiyo, wakakataa kuwatambua mawakala wa namna hiyo, mpaka serikali ya Marekani ilipowashitaki mwaka 1955, na mwaka uliofuata wakatia saini hukumu ya makubaliano iliyouvunja mshikamano huo.

Katika Uingereza mfano mashuhuri ni wa William Lever, aliyeanza kuuza sabuni ya Sunlight mwaka 1884. Kampuni yake ilikuwa na kundi lake la matangazo, ambalo baadaye lilipewa jina la Lintas, lililofupishwa kutokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya huduma ya matangazo ya kimataifa ya Lever. Lintas ilikua hata ikawatumikia wateja wengine, na hatimaye Unilever, kampuni iliyotokana na ile ya Lever, iliiuza, ikaingia mikononi mwa kampuni ya matangazo ya Interpublic ya New York. Nataja kisa hiki kwa kuwa chaonyesha kwamba wakala wa ndani akipewa haki yake aweza kusimama mbele ya soko zima, na kwamba mlango baina ya ndani na nje haukupata kufungwa moja kwa moja.

Leo mlango huo umeelekea ndani. Jumuiya ya watangazaji wa Marekani, ANA, iliwauliza wanachama wake kama wana wakala wa ndani: mwaka 2008 waliojibu ndiyo walikuwa asilimia 42, mwaka 2013 wakawa 58, mwaka 2018 wakawa 78, na mwaka 2023 wakafika 82. Gharama ni sababu mojawapo. Sababu nyingine ni kasi ya intaneti, ambayo hudai tangazo jipya asubuhi na jingine jioni, na mtu aliyemo ndani huijua bidhaa na wateja wake bila ya kuelezwa upya kila mara.

Lakini ukaribu huo huo ndio unaoiharibu kazi. Wakala wa nje ana mkataba unaomkinga. Wa ndani hana ngao ila mkuu wake. Mtu wa mauzo hupita mezani akasema, nitengenezee bango kabla ya saa nane. Mtu wa utumishi akataka kadi ya sikukuu. Mkurugenzi akaleta rangi aliyoipenda safarini. Msanifu, kwa adabu na kwa kuogopa kuonekana mvivu, hukubali yote. Baada ya mwaka mmoja kundi lililoajiriwa kufikiri limegeuka kuwa mkono wa kupokea oda, na wale walio bora wameondoka. Nimeliona jambo hili likitokea kwa watu wenye vipaji adhimu, na linanihuzunisha, kwa kuwa hakuna aliyewatakia mabaya: walikosa tu kuwekewa nguzo ya tatu, yaani jambo linalowakilishwa.

Nguzo hiyo kwa wenye kazi huitwa brifu. Brifu ni hati fupi inayosema kazi hii yamlenga nani, mtu huyo anaamini nini hivi sasa, twataka aamini neno gani moja, lina ushahidi gani, inatakiwa lini, na nani mwenye idhini ya mwisho. Ufupi wake ndio taklifu yake, kwa kuwa kuandika kurasa nyingi za matakwa ni rahisi, na kuchagua neno moja kati ya hayo ni uamuzi ambao wakubwa aghalabu huukimbia, wakamwachia msanifu aufanye gizani kisha wakamlaumu. Mwaka 1968 huko London, Stephen King wa wakala wa matangazo J. Walter Thompson na Stanley Pollitt wa wakala wa Boase Massimi Pollitt, kila mmoja kwa njia yake, walianzisha kazi ya mpangaji, mtu ambaye hujifunza fikira za mnunuzi na kuzileta mezani kabla ya kalamu kugusa karatasi. Kundi dogo la ndani huenda lisimudu kumwajiri mtu wa namna hiyo, lakini mkuu wake hana budi kuubeba wadhifa wake, akakataa kwa upole kila kazi iliyokuja bila ya hati, hata ikiwa imeletwa na mkubwa wake.

Kuhusu mwenye kuwakilisha nitasema machache: awe mmoja. Kazi inayopitishwa na watu saba hutoka imetulizwa mpaka haina ladha, na hakuna kati ya saba hao atakayekubali kuwa ni yake. Kuhusu mawakili wenyewe, utaratibu wa Bill Bernbach, aliyeshiriki kuanzisha wakala wa Doyle Dane Bernbach huko New York mwaka 1949 na kuwaketisha pamoja mtunga maneno na msanifu picha tangu mwanzo wa kazi, ungali bora kuliko ule wa kupokezana.

Lipo sharti moja zaidi, nalo ni lile la kutojiuzia. Tarehe 4 Aprili 2017 Pepsi ilitoa tangazo lililotengenezwa na studio yake ya ndani, Creators League, ambamo mwanamitindo Kendall Jenner anaacha kupigwa picha, anajiunga na waandamanaji, kisha anampa askari kopo la Pepsi. Lawama zilikuwa kali hata siku ya pili likaondolewa kwa kuomba radhi. Mawakala wa nje pia wamepata kukosea hivyo, na si haki kuulaumu uwakala wa ndani peke yake. Hata hivyo, nyumba inayobuni, kukagua na kuidhinisha kazi yake yenyewe imekuwa muuzaji na mnunuzi kwa wakati mmoja. Tazama, kwa upande wa pili, 4Creative, wakala wa ndani wa televisheni ya Channel 4 huko London. Kwa michezo ya Paralimpiki ya mwaka 2016 walitoa filamu ya "We're the Superhumans", na kuiongoza wakamwita Dougal Wilson, mtu wa nje. Mwaka uliofuata ikapata tuzo kuu ya filamu katika tamasha la matangazo la Cannes. Mkuu wa wakala wa ndani na atenge sehemu ya fedha yake kwa ajili ya jicho la nje, na ailinde siku ya kupunguza bajeti kama aulindavyo mshahara wa watu wake.

Limebaki suala la upatanisho. Neno wakala hutumika kwa mtu na kwa taasisi, na waandishi hubabaika baina ya wakala wa ndani na wakala ya ndani. Kwa mtu na kwa kundi lililo kazini napendekeza tubaki na wakala wa ndani, wingi wake mawakala wa ndani. Kwa utaratibu wenyewe, pale kampuni inapoamua kuuanzisha au kuufuta, tuseme uwakala wa ndani. Na yule aletaye kazi kutoka idara nyingine tusimwite bosi wala mteja, tumwite mwenye kuwakilisha, apate kukumbuka kwamba amekabidhi jambo na mpaka wake.