Fundi wa roboti: kazi na njia ya kuipata

Usiku wa manane, wakati wakazi wengi wa jiji la Louisville katika jimbo la Kentucky wamelala, ndege za kampuni ya UPS hutua moja baada ya nyingine. Kituo cha kampuni hiyo kiitwacho Worldport, kilichofunguliwa mwaka 2002, kina uwezo wa kuchambua zaidi ya vifurushi 400,000 kwa saa moja.

Kubeba na kupanga mizigo katika maghala ya namna hiyo ndiyo kazi ambayo wageni wengi kutoka Afrika huipata kwanza nchini Marekani. Lakini mitambo inapokwama, anayeitwa si mbeba mizigo. Huitwa fundi.

Fundi wa roboti si mhandisi. Mhandisi hubuni mtambo. Fundi huufunga, huupima na kuurudisha kazini unapogoma. Hushika kibao cha kuongozea na kuifundisha upya roboti, nukta baada ya nukta, mahali pa kushika mzigo na mahali pa kuuachia. Hubadilisha nyaya zilizochakaa kwa kupindapinda kila siku, na kusafisha vihisi vilivyofunikwa na vumbi.

Mara nyingi hitilafu inayodhaniwa kuwa ya kompyuta huwa ni ya waya uliolegea tu. Ndiyo maana anayeufahamu vyema umeme na mitambo inayoendeshwa kwa hewa au mafuta huwa na nafasi nzuri kuliko anayejua kuandika programu peke yake. Aliyekulia katika gereji ya Nairobi au Bukavu asijidharau.

Kufuli na ufunguo

Roboti ya kwanza ya kiwandani, Unimate, ilianza kazi mwaka 1961 katika kiwanda cha General Motors huko New Jersey. Mnamo Januari 1979 mfanyakazi wa kiwanda cha Ford huko Flat Rock, Michigan, alipigwa na mtambo wa aina hiyo akafariki dunia. Anatajwa kuwa mtu wa kwanza kuuawa na roboti.

Kanuni za serikali ya Marekani zilizotolewa mwaka 1989 zinataka umeme na nguvu nyingine zote zikatwe na kufungwa kabla ya fundi kugusa mtambo anaoutengeneza. Kila fundi huweka kufuli lake mwenyewe, na ufunguo hukaa naye. Msimamizi anayemhimiza fundi aruke hatua hiyo ili kuokoa dakika kumi anamwomba acheze na roho yake.

Kuhusu malipo, takwimu za Idara ya Kazi ya Marekani za mwaka 2021 zilionyesha kuwa mshahara wa kati wa mafundi wa mekatroniki ulizidi dola 60,000 kwa mwaka. Hata hivyo, wanaohesabiwa kwa jina hilo ni wachache. Kazi nyingi zinazohusu roboti hutangazwa kwa jina la fundi wa matengenezo ya mitambo, na anayetafuta neno roboti pekee atazikosa.

Miji mitatu

Mjini Louisville, ambako pia kuna viwanda vya Ford na vya GE Appliances, njia inayostahili kutazamwa kwanza ni mpango wa FAME. Ulianzishwa mwaka 2010 jimboni Kentucky kwa ushirikiano na kiwanda cha Toyota cha Georgetown. Mwanafunzi husoma siku mbili kwa wiki katika chuo cha jamii, na siku tatu hufanya kazi ya malipo kiwandani. Upo pia mpango wa Metropolitan College, ulioanza mwaka 1998, ambao hulipia karo ya wakazi wa jimbo hilo wanaofanya kazi UPS usiku. Ni msaada mkubwa, ingawa kusoma mchana baada ya kukesha si jambo dogo.

Columbus, Ohio, ni makao ya mojawapo ya jumuiya kubwa kabisa za Wasomali nchini Marekani. Honda imekuwa ikiunda magari katika mji jirani wa Marysville tangu mwaka 1982, na Chuo cha Jamii cha Columbus State hufundisha ufundi wa mitambo na umeme. Mwezi Januari 2022 kampuni ya Intel ilitangaza mradi wa zaidi ya dola bilioni 20 karibu na jiji hilo. Mwaka 2025 ikasema kiwanda cha kwanza hakitakamilika kabla ya mwaka 2030. Wanaochagua masomo kwa kufuata tangazo la kampuni moja wazingatie hilo.

Buffalo, New York, inaujua uchungu wa viwanda kufungwa: kiwanda kikubwa cha chuma cha Bethlehem huko Lackawanna kilisimamisha sehemu kubwa ya shughuli zake mwaka 1983. Mwaka 2018 kituo cha mafunzo cha Northland kilifunguliwa upande wa mashariki wa jiji, ndani ya jengo la kiwanda cha zamani cha mashine. Kwa kushirikiana na vyuo vya Alfred State na SUNY Erie, hufundisha mekatroniki, umeme, uchomeleaji na uchongaji wa vyuma.

Suala la viza

Mwenye hati ya ukaazi wa kudumu anaweza kuomba ruzuku ya masomo ya serikali iitwayo Pell, ambayo hairudishwi. Ruzuku hiyo haitolewi kwa anayekuja kwa viza ya mwanafunzi.

Aidha, mwanafunzi wa kigeni anayehitimu stashahada ya miaka miwili kwa kawaida huruhusiwa kufanya kazi ya fani yake kwa miezi 12. Nyongeza ya muda inayotolewa kwa fani za sayansi na teknolojia huhitaji shahada ya kwanza, na viza ya kazi ya H-1B kwa kawaida ni ya kazi zinazodai kiwango hicho cha elimu. Kijana aliyeko Mombasa au Mwanza, kabla ya familia yake kuuza shamba kwa ajili ya karo ya chuo cha jamii, alinganishe kwanza na masomo ya shahada ya mekatroniki yanayotolewa Kenya, katika vyuo vikuu vya Jomo Kenyatta huko Juja na Dedan Kimathi huko Nyeri.