Chumvi Ilipotolewa Majini

Svante Arrhenius alitetea hoja kwamba chumvi ikiyeyuka hujigawa yenyewe kuwa ioni, hata kabla umeme haujapitishwa. Wilhelm Ostwald akaipigania hoja hiyo akiwa Leipzig, Ujerumani. Ilikuwa hoja ya kishujaa, na ya kweli, lakini ililelewa ndani ya maji.

Louis Kahlenberg, mwanafunzi wa Ostwald, alirudi Wisconsin akapima vimiminika vingine, akaona matokeo hayalingani na nadharia ya mwalimu wake. Akaikataa yote. Hapo alipitiliza. Paul Walden wa Riga alikuwa na subira zaidi: alishika chumvi ileile, tetraethilamoniamu iodidi, akaiyeyusha katika kiyeyushi kimoja baada ya kingine. Mwaka 1906 akaonyesha kwamba ukizidisha upitishaji wa umeme kwa mnato wa kimiminika, jibu hubaki karibu lilelile. Leipzig waliitazama chumvi; Walden alikitazama kimiminika, na kwangu huko ndiko kulikokuwa na mavuno.

Ushahidi naoupenda zaidi ni wa Charles Kraus na Raymond Fuoss, wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, mwaka 1933. Waliyeyusha tetraisoamiliamoniamu nitrati katika mchanganyiko wa maji na dioksani. Maji hupunguza mvutano wa chaji mara 78 hivi. Dioksani tupu, mara 2 na kidogo tu. Kadiri dioksani ilivyozidi, ioni zilishikana mbilimbili, na jozi ya namna hiyo haina chaji, haibebi umeme. Upitishaji ukaporomoka. Lakini penye dioksani nyingi, chumvi ilipoongezwa, upitishaji kwa kila moli ulishuka hadi kikomo, kisha ukaanza kupanda! Nadharia ya Arrhenius haikuwa na nafasi ya jambo hilo. Fuoss na Kraus wakaeleza kuwa jozi hunasa ioni ya tatu, na utatu huo, kwa kuwa una chaji, husafiri.

Msingi wa kuhesabu jozi ulikuwa umewekwa na Niels Bjerrum, Copenhagen, mwaka 1926. Kwa ioni zenye chaji mojamoja ndani ya maji, mpaka wake wa kuziita jozi ni umbali wa nanomita 0.36; katika dioksani, unapita nanomita 12.

Betri ya lithiamu ya simu inawahitaji Walden na Bjerrum kwa pamoja. Kati ya viyeyushi vyake, ethilini kaboneti hutenganisha ioni vizuri, ila ni nzito, na hata kwenye joto la kawaida la chumba huganda; dimethili kaboneti ni nyepesi, ila huziacha zishikane. Watengenezaji huzichanganya.