René Vautier na Sinema Iliyopigwa Marufuku

Katika mwaka wa 1949 chama cha elimu cha Ufaransa, Ligue de l'enseignement, kilimtuma kijana wa miaka 21 kwenda Afrika ya Magharibi, apige picha za sinema za kuwaonyesha watoto wa shule maisha ya wenzao katika makoloni. Kijana huyo alikuwa René Vautier, mzaliwa wa Bretagne, aliyekwisha kupigana na Wajerumani hali bado ni mwanafunzi.

Amri ya mwaka 1934, ambayo Pierre Laval aliitoa alipokuwa Waziri wa Makoloni, ilikataza mtu kupiga picha za sinema huko bila ya idhini ya gavana. Vautier hakuitii. Alipiga picha za kazi ngumu na ujira wake haba, akafika hata Palaka, kijiji cha Ivory Coast kilichoshambuliwa na askari kwa sababu ya kodi. Mikanda yake ilikamatwa. Katika 50 aliokoa 17 tu. Humo ndimo ilimotoka Afrique 50, filamu isiyotimiza nusu saa, nayo ikamtia gerezani. Ilipigwa marufuku Ufaransa kwa miaka zaidi ya 40.

Wako wasemao kwamba sauti yake katika filamu hiyo, iliyojaa ghadhabu, haimwachii mtazamaji nafasi ya kufikiri mwenyewe. Neno hilo lina ukweli. Walakini filamu haianzi kwa ghadhabu: inaanza kwa watoto wachezao na watu wazima walio kazini, hata mtazamaji awajue kwanza kuwa ni watu, ndipo aelezwe waliyotendewa. Mpango huo, kuliko makelele, ndio ustadi wake. Na yamkini ndio uliowatisha wakubwa.

Baadaye alikwenda kwa wapiganaji wa Algeria, akatoa Algérie en flammes (1958). Filamu yake ya kuigiza, Avoir vingt ans dans les Aurès, iliyotegemea ushahidi wa askari wa Kifaransa waliopelekwa vitani, ilipata tuzo ya wahakiki huko Cannes mwaka 1972.

Mnamo Januari 1973 Vautier aligoma kula. Alitaka wakaguzi wa sinema wasiweze tena kuikataa filamu bila ya kutoa sababu, wala kwa ajili ya siasa. Filamu iliyogombewa ilikuwa Octobre à Paris, ihusuyo Waalgeria waliouawa na polisi wa Paris tarehe 17 Oktoba 1961. Kibali kilitolewa baada ya karibu mwezi mzima. Aliyeitengeneza filamu hiyo ni Jacques Panijel.