Castlevania: Aria of Sorrow

Castlevania: Aria of Sorrow ni mchezo wa video wa mapambano na uvumbuzi uliotolewa na kampuni ya Konami ya Japani Mei 2003 kwa ajili ya Game Boy Advance, mashine ya kuchezea inayoshikwa mkononi. Mtayarishaji wake ni Koji Igarashi.

Hadithi. Mwaka 2035, jua linapopatwa, kijana Soma Cruz anajikuta ndani ya ngome ya Dracula, mnyonya damu wa hadithi. Akitafuta njia ya kutoka, anagundua kwamba yeye mwenyewe ndiye Dracula aliyezaliwa upya.

Mvuto. Ngome nzima ni ramani moja iliyoungana: kumbi, makaburi, maktaba na mapango. Njia isiyopitika mwanzoni hupitika mchezaji akishapata uwezo mpya, hivyo kurudi nyuma huleta ugunduzi. Kila zimwi linaloshindwa laweza kumwachia Soma roho yenye nguvu zake. Roho hizo zapita 100, na kila mchezaji huchagua silaha zake. Muziki wa Michiru Yamane na wenzake huijaza ngome huzuni na fahari.

Ulinganisho. Msomaji wa Bukoba na Muleba ataitambua safari hii. Katika masimulizi ya Wahaya, wenyeji wa huko, mfalme Wamara alishuka kuzimu kwa Kintu, mtawala wa kuzimu, akarudi na zawadi. Wamara aliposahau kushukuru, Kintu alimtuma Rufu, yaani Kifo, amfuate. Katika hadithi zote mbili, nguvu itokayo gizani ina deni lake.

Mwendelezo wake, Dawn of Sorrow, ulitoka 2005.