Maneno ya Kanisa Yaliyoangukia Sokoni

Mwalimu afundishaye Kiingereza huiona maana ya neno katika kamusi, lakini asili yake mara nyingi imefichika. Yako maneno ya dharau ambayo Waingereza huyatamka kila siku, wala hawakumbuki ya kuwa yalizaliwa kanisani. Gossip, ambalo leo ni umbeya, hapo kale lilikuwa jina la heshima la msimamizi wa ubatizo.

Neno tawdry husemwa juu ya pambo ling'aalo lisilo na thamani. Limetoka kwa Etheldreda, malkia aliyeuacha ufalme akaanzisha nyumba ya watawa huko Ely mwaka 673. Beda, aliyeandika habari zake, asimulia ya kuwa alipatwa na uvimbe shingoni, naye akaupokea kwa shukrani, akisema ni malipo ya mikufu ya ubatili aliyoivaa ujanani. Akafa mwaka 679. Watu wakamwita Audrey, na katika gulio la sikukuu yake pale Ely ziliuzwa kanda za hariri za kuvaa shingoni. Herufi t, iliyo mwisho wa neno saint, ikaganda mbele ya jina lake. (Nasi tulifanya mfano wa hayo: ki ya neno la Kiarabu kitab tuliidhania ngeli, tukasema vitabu.) Kanda zile zikawa hafifu, na neno likashuka pamoja nazo. Hivyo yeye aliyejutia mikufu, jina lake likavikwa shingoni.

Lakini lililonisikitisha zaidi ni bedlam, maana yake ghasia na makelele. Hilo ni Bethlehemu, mji aliozaliwa Bwana wetu! Mwaka 1247 iliwekwa London nyumba ya watawa ya Mtakatifu Maria wa Bethlehemu. Baadaye ikawa hospitali, na mwaka 1403 walionekana humo watu sita waliorukwa na akili. Ndimi za watu zikalifupisha jina. Mwaka 1676 wagonjwa walihamishiwa jumba kubwa la Moorfields, na watu wakaenda kuwatazama kama waendao kutazama ngoma, wakitia fedha katika kisanduku mlangoni. Ruhusa hiyo iliondolewa mwaka 1770. Basi mimi siliiti darasa lenye kelele kwa neno hilo, kwa maana kelele zile zilikuwa za wagonjwa. Hospitali yenyewe ingalipo kusini mwa London, nayo hata leo yawatibu wenye maradhi ya akili.