Yasiyosemwa na Yasiyosemeka

Kwa kubadilisha kiambishi kimoja tu cha kitenzi, Kiswahili hutenga mambo mawili ambayo wasomi wameyachanganya mara nyingi. Lisilosemwa ni lile ambalo bado hakuna aliyelitamka. Lisilosemeka ni lile lisiloweza kutamkwa, hata msemaji awe hodari namna gani. Katika makala hii twaitumia tofauti hiyo kumsoma Ludwig Wittgenstein (1889-1951), kisha kurudi kwetu.

Kitabu chake cha kwanza, Tractatus Logico-Philosophicus, kilichochapishwa mwaka 1921, chaishia kwa kuagiza kimya juu ya yasiyosemeka. Wengi katika Duara la Vienna walifurahia agizo hilo, wakidhani kwamba amezitupa dini na maadili pamoja na maneno mengine matupu. Historia ya kitabu chenyewe yawakanusha. Wittgenstein alijitolea katika jeshi la Austria mwezi wa Agosti 1914. Septemba, katika mji wa Tarnów, alinunua ufafanuzi wa Injili ulioandikwa na Tolstoy, akawa haachani nao. Mwaka 1916 aliomba mwenyewe kuwekwa katika kituo cha kumchungulia adui, mahali pa hatari kubwa. Daftari lake, lililokuwa limejaa mantiki, likaanza kuuliza juu ya Mungu na maana ya maisha. Na mwaka 1919 alimwandikia mchapishaji Ludwig von Ficker kwamba kazi yake ina sehemu mbili, iliyoandikwa na isiyoandikwa, na kwamba hiyo ya pili ndiyo yenye uzito. Mwenye kulidharau jambo haandiki hivyo.

Tarehe 17 Novemba 1929, huko Cambridge, alitoa mhadhara juu ya maadili. Alitaja hali mbili alizozijua nafsini mwake: kustaajabu kwamba ulimwengu upo, na kujiona salama kabisa, litokee lolote. Twaweza kumstaajabia mbwa aliye mkubwa kupita wote, kwa kuwa twaweza kumwaza mwenye kimo cha kawaida. Lakini ni nani awezaye kuuwaza ulimwengu usiokuwapo? Kwa hiyo alikiri kwamba kauli zake hazina maana, na papo hapo akasema kwamba kamwe hatamcheka binadamu anayesukumwa kuzitamka.

Mwaka 1931 alimsoma James Frazer, aliyeziona ibada kuwa sayansi iliyokosea. Wittgenstein alimjibu kwa mfano wa mfalme wa mvua wa Afrika: watu humwendea majira ya mvua yanapofika, si katikati ya kiangazi, basi ibada si nadharia juu ya mawingu. (Hoja ni nzuri, ingawa yeye na Frazer hawakuja kuwauliza wenyewe. Wako pia waombao mvua wakati wa ukame.)

Hapa ndipo jambo linapotugusa sisi wa Katanga. Mwaka 1945 kilitoka Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, kitabu cha Padri Placide Tempels juu ya falsafa ya Kibantu. Alikiri kwamba Wabantu wanayo fikra kamili juu ya uhai na nguvu, na kwa wakati ule kukiri huko kulihitaji ujasiri. Lakini aliongeza kwamba wao wenyewe wasitazamiwe kuieleza kwa utaratibu. Mzungu ndiye atakayewapa maneno. Kwa maoni yetu kosa lake liko hapo: jambo ambalo halijasemwa kitabuni alilihesabu kuwa halisemeki vinywani mwa wenyewe. Frazer aliwapa Waafrika nadharia wasiyokuwa nayo. Tempels aliwanyima kauli waliyokuwa nayo.

Miaka 11 baadaye Padri Alexis Kagame wa Rwanda alitoa uchunguzi wake wa falsafa ya Wanyarwanda. Hakutafuta maneno ya kuwaazima wenzake. Alizifungua ngeli za Kinyarwanda, akazikuta fikra hizo ndani ya umuntu, ikintu, ahantu na ukuntu, maneno ambayo mtoto huyatamka kabla hajaingia shuleni.