Rangi ya Chaki Kabla ya Makopo

Vijana wa Nachingwea huniletea simu zao nione kabati la Ulaya lililopakwa rangi isiyong'aa, ile ambayo ukiipitishia kidole unahisi unga. "Fundi, hii unaiweza?" Naiweza. Aliyeipa sokoni jina la rangi ya chaki ni mama wa Kiingereza, Annie Sloan, aliyeanza kazi hiyo mwaka 1990 huko Oxford. Nampa heshima yake, maana aliwafanya watu wa kawaida wathubutu tena kushika brashi na kugusa samani zao wenyewe. Ila mimi ni seremala wa kusini, na nikiulizwa kama jambo hili ni geni kwetu, jibu langu huwa refu.

Linaanzia Kilwa Kisiwani. Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman la karne ya 14, na Msikiti Mkuu wa mji ule, vilijengwa kwa matumbawe na chokaa, na chokaa yenyewe ilitoka baharini. Mafundi wa mwambao walipanga magogo yakawa rundo pana, wakaweka matumbawe juu yake, wakawasha. Moto wa kiasi cha nyuzi 900 hufukuza hewa ya ukaa iliyofungwa ndani ya jiwe. Kinachobaki ni kitu chepesi na kikali, ambacho kikipata maji kinachemka chenyewe bila kuni. Huko ndiko kuzima chokaa. Ikishazimwa huachwa ikae, na kadiri inavyokaa ndivyo inavyolainika. Ukiipaka ukutani inaanza kuivuta ile hewa iliyoipoteza motoni, na polepole inarudi kuwa jiwe. Chaki inayochimbwa ardhini, matumbawe, na chokaa iliyokaukia ukutani, vyote asili yake ni moja. Aliyepaka ukuta wake Kilwa miaka 700 iliyopita alikuwa na rangi ya chaki mkononi.

Kwetu Umwera, nchi ya Wamwera iliyo mbali na bahari, matumbawe hayapo. Tulikuwa na udongo. Nyumba ya miti ilikandikwa, ikakauka, kisha ikasiribwa kwa udongo laini, mweupe au mwekundu kadiri ya bonde lilivyojaliwa. Bibi yangu mzaa mama, upande wa Ruangwa, alipopata chokaa ya Lindi aliichanganya na uji mwepesi wa muhogo ili isichafue nguo za wanaoegemea ukuta, na kilichobaki kwenye sufuria alikipaka kwenye kigoda na miguu ya kitanda cha kamba. Chokaa ilifukuza wadudu, alisema, na iliufanya usiku uwe na mwanga kidogo ndani ya nyumba isiyo na taa ya maana. Uji ule wa muhogo ulikuwa ndio gundi ya rangi yake. Rangi yoyote ya duniani haina zaidi ya hapo: unga unaotoa rangi, kitu cha kuushikisha, na maji au mafuta ya kuubeba.

Jambo linalonigusa kuliko yote katika historia hii ni sandarusi. Utomvu wa msandarusi uliodondoka na kufukiwa ardhini kwa karne nyingi hugeuka kuwa mawe ya njano yanayopitisha mwanga. Watu wa mwambao wetu waliyachimba kwa mikono, mvua zikishalainisha ardhi, nayo yakapelekwa Unguja. Marekani ilifunga mkataba wa biashara na Sayyid Said mwaka 1833, na mwaka 1837 balozi wao mdogo, Richard Waters, alikuwa amekwisha kufika Unguja. Meli za mji wa Salem, Massachusetts, zilileta vitambaa vya merikani, zikarudi na pembe za ndovu na sandarusi. Huko Salem palikuwa na kiwanda cha Jonathan Whipple cha kuosha sandarusi ya Unguja na kuitoa ganda la juu, kabla ya kuuzwa kwa watengenezaji wa vanishi. Vanishi hiyo ndiyo iliyong'arisha magari ya farasi na samani za matajiri. Najiuliza ni meza ngapi za huko zinazosifiwa leo kwa mng'ao wake wa zamani zimefunikwa na jasho la mchimbaji wa mwambao wetu, ambaye nyumbani kwake alikalia kigoda kisichowahi kuona vanishi.

Ndani ya misitu yetu kulikuwa pia na nta ya nyuki, bidhaa nyingine iliyoshuka pwani mizigo kwa mizigo. Tulikuwa na kila kitu cha kumalizia mbao isipokuwa mahali pa kuvikutanisha.

Mahali hapo palianza kupatikana kwa wamisionari. Wabenediktini walifika Nyangao miaka ya 1890, misheni ile ikaharibiwa katika Vita vya Majimaji mwaka 1905, na mwaka 1906 wakaanzisha misheni ya Ndanda. Seremala aliyepitia karakana za misheni alijulikana kwa namna alivyoufunga ubao na kuusugua, na alijua kujaza vinyweleo vya mbao kabla ya kupaka chochote.

Kisha ukaja mradi wa karanga. Waingereza, wakiwa na njaa ya mafuta ya kula baada ya Vita vya Pili vya Dunia, walichagua Kongwa, Urambo na Nachingwea. Mwaka 1947 wakaanza kuing'oa misitu, wakitumia pia matrekta yaliyogeuzwa kutoka vifaru vya Sherman. Reli ikavutwa kutoka pwani mpaka hapa kwetu, na bandari ya Mtwara ikachimbiwa msingi kwa ajili ya karanga zisizokuja. Mwaka 1951 serikali ya Uingereza ilifuta hasara ya zaidi ya pauni milioni 36, na mwaka 1962 hata reli ikafungwa. Watu wameandika mengi kuhusu matrekta. Mimi naangalia makopo. Babu yangu alifanya kazi karakana ya mradi, na kwa mara ya kwanza aliona rangi iliyokuja imekwisha changanywa, ya kufungua kwa bisibisi na kupaka. Ilikauka upesi, iling'aa, ilioshwa kwa maji. Toka hapo, kwetu, kitu kilichopakwa rangi ya kopo kilikuwa cha ofisini na kilichopakwa chokaa kilikuwa cha kijijini. Hasara hii ya kudharau chokaa haimo katika pauni zile milioni 36, na ndiyo iliyodumu.

Mjomba wangu ndiye aliyenifundisha kazi, kama ilivyo desturi ya Wamwera, ambao ukoo wao hufuata upande wa mama. Nilianza kushika randa mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati madukani hamna sukari wala sabuni, na kopo la rangi ni ndoto. Vita vya Kagera vilikuwa vimeisha, fedha za kigeni hazipo, na mwaka 1983 ikaja kampeni dhidi ya wahujumu uchumi. Madawati yaliendelea kuvunjika na maharusi waliendelea kuhitaji vitanda.

"Mjomba, hiki tunakimalizia na nini?" nilimwuliza siku tulipomaliza kabati la mteja.

"Mpwa wangu, kamwombe mwalimu vipande vya chaki."

Alivitwanga kwenye kinu kidogo, akauchekecha unga kwa kitambaa, akauchanganya na chokaa iliyozimwa na gundi ya moto ya seremala. Kwa rangi nyekundu alitumia udongo wa kichuguu, kwa nyeusi masizi. Alipaka mikono miwili, akaacha ikauke usiku kucha, kisha akasugua nta kwa kitambaa cha pamba mpaka uso ukafunga. Niliona kazi ya bibi, ya misheni na ya warina asali wa misituni zikikutana kwenye kabati moja la harusi.

Ninachofanya sasa kimebadilika kidogo. Kikombe kimoja cha rangi ya maji isiyong'aa, theluthi moja ya unga wa jipsamu ule wa mafundi wa dari, na maji kiasi hicho hicho. Unga unakorogwa na maji kwanza mpaka mabonge yaishe, ndipo unamiminwa kwenye rangi. Changanya cha kutumia siku hiyo tu, kwa sababu jipsamu hukaza. Mninga unataka uangalifu: utomvu wake mwekundu hupenya rangi ya maji na kuacha madoa ya waridi, kwa hiyo naupiga mkono mmoja wa vanishi kwanza. Kwa kijivu natumia kinywe cha Ruangwa, madini ambayo leo wageni wanayafuata kwa ajili ya betri. Chembe zake zikisuguliwa juu ya rangi iliyokauka hutoa weusi wenye mng'ao wa chuma, na hakuna kopo lenye rangi hiyo. Nta naichukua kwa wafuga nyuki, naiyeyusha ndani ya maji ya moto, kamwe si juu ya moto wenyewe.

Wateja wengine huniomba chokaa ya zamani, ya matumbawe. Hiyo siitumii. Tanuri za pwani zimekula miamba ambamo samaki huzaliana, na miti iliyochomwa chini yake haikurudi. Tangu mwaka 2000 eneo la Ghuba ya Mnazi, kule Mtwara, ni hifadhi ya bahari, na naona ni haki. Chokaa ya mawe ya Tanga ikizimwa vizuri na kukaa ndani ya pipa lililofunikwa, inafanya kazi ile ile. Mfuko mmoja unanitosha msimu mzima wa korosho, wakati fedha zinaingia na watu wanakumbuka vitanda vyao.